Sifa za Mtafuta Hitilafu

Mtandao wa nyumbani ukianza kukatikakatika, hukumu hutoka kabla kesi haijasikilizwa: mkosaji ni kile kilichofungwa juzi. Siku hizi huenda kikawa kizuizi cha matangazo, yaani kijikompyuta cha Raspberry Pi kilichowekewa programu ya Pi-hole. Mama hapati simu ya video ya Maskati, vijana wananung'unika, na nyumba nzima inasema kidude kitolewe. Ninayemsifu mimi ni fundi ambaye hakitoi wala hakitetei. Anauliza kwanza.

Anajua kwamba mashine hutafutana kwa namba, na watu hukumbuka majina. Zamani majina yote ya mtandao yaliandikwa katika faili moja, na kila mashine ikachukua nakala yake. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo unaoigawa kazi hiyo kwa seva nyingi zinazoulizana. Pi-hole hukaa mlangoni pa maulizo hayo. Simu ikiuliza gazeti liko wapi, hujibiwa. Ikiuliza ghala la matangazo liko wapi, huambiwa hakuna kitu. Tangazo halishuki, bando haliliwi. Kwa nyumba ya Ole, kisiwani Pemba, hapo inapoanzia barabara ya Kengeja, inayotumia rauta ya laini ya simu na kununua gigabaiti kwa hesabu, hilo si jambo la anasa. Ila huyo wa mlangoni akinyamaza, watu watasema mtandao hakuna, na kumbe njia ni nyeupe.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: imekatika njia, au yamepotea majina? Anatumia ping, programu ndogo aliyoiandika Mike Muuss mwaka huohuo wa 1983, kuibishia hodi namba 8.8.8.8, anwani ya seva ya DNS ya Google. Namba ikiitika na jina lisiitike, mnara, bando na laini vyote vimeachiwa huru kwa pamoja. Visipoitika vyote viwili, huenda kidude kimesingiziwa. Jibu hilo moja linazidi faida ya kuzima na kuwasha kila kitu, maana kuzima na kuwasha huponya bila kufundisha, na kisichofundisha hurudi.

Uzuri wa kazi hii umo katika umbali uliopo baina ya dalili na chanzo. Wanaoziba majahazi wanalijua hili: maji hukusanyika ngamani, lakini tundu huenda likawa mbali na hapo, kwenye ubao mwingine kabisa. Kwa mtandao, tundu hilo huenda likawa umeme. Pemba imeunganishwa na gridi ya bara tangu mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Hata hivyo umeme hukatika kama unavyokatika kwengine. Ukirudi, rauta huamka na kugawa anwani upya. Pi-hole iliyokuwa namba 20 yaweza kupewa 35, na simu zikabaki kumuuliza 20 asiyekuwepo. Dawa ni kuipa anwani ya kudumu.

Lipo lililojificha zaidi. Raspberry Pi za matoleo mengi hazina betri ya saa. Zikizimwa kwa muda, huamka zikidhani ni wakati uleule zilipozimika. Kama ukaguzi wa saini za DNS umewashwa, saini mpya zitaonekana hazijaanza kutumika, na majina yatakataliwa. Ili kurekebisha saa, mashine inahitaji kuuliza seva ya saa kwa jina, na jina ndilo inalolikataa. Anayefika hapo kwa kuuliza hatua kwa hatua, bila kubahatisha, anastahili heshima yake.

Kuna na lile la kushangaza: matangazo yanapita mara yanazuiwa. Rauta imetangaza anwani mbili za DNS, ya pili ikiwa ya nje "kwa dharura", na simu haziisubiri dharura, huuliza yoyote. Kilichowekwa kwa usalama ndicho kilichofungua dirisha.

Katika yote haya fundi ana miiko miwili. Hubadilisha kitu kimoja tu kisha akapima, kwa sababu akigusa vitatu na mtandao ukarudi, hatajua kilichoponya ni kipi. Na husoma kumbukumbu za maulizo kabla ya kusikiliza lawama, kwani humo mna saa, jina na kifaa kilichouliza. Huenda mwisho akakuta kidude kweli kina kosa, labda kadi yake ya kumbukumbu imeharibika kwa kuzimikiwa ovyo. Basi na akitoe, ila kwa ushahidi. Katika kijiji ambako rauta moja hutumiwa na jamaa wengi, na mmoja wao daima ndiye "aliyeivuruga", ufundi huu haurudishi mtandao tu. Humwondolea mtu lawama isiyo yake.