Kilo 83 kwa Mgongo wa Miaka Mitatu

Mkufunzi hakupaswa kupanda. Nalisema mapema kwa sababu wengi wenu mliokuwa ukingoni mwa ule uwanja Jumamosi, kwenye onyesho la kumpanda poni kwa mara ya kwanza, upande wa Njoro ukitoka Nakuru, mlipiga makofi, na tangu hapo nimeulizwa mara mbili kwa nini mimi nilikuwa nimekunja uso.

Kazi ya chini, kabla ya kupanda, ilikuwa safi: kamba ndefu, kitambaa mgongoni, lijamu laini, sauti ya upole. Sina neno hapo.

Tuje kwenye dakika yenyewe. Poni jike, mwekundu, miaka mitatu, sentimita 122 begani, amesimama katikati. Tandiko limekazwa, saisi ameshika hatamu. Pembeni yupo msichana anayemlisha na kumsugua poni huyo kila siku, mwembamba, kofia yake ya kupandia iko tayari kichwani. Mkufunzi akamtazama msichana, akamtazama poni, kisha akatia mguu wa kushoto kwenye kikuku na kujivuta juu kutoka ardhini. Hakukuwa na kigoda, wala hata ndoo iliyopinduliwa. Uzito wote wa mtu mzima ukaning'inia upande mmoja wa mnyama ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko blanketi.

Tandiko lilivutika kushoto kama upana wa vidole viwili. Poni akapanua miguu ya nyuma, akakaza mgongo, akainua kichwa. Masikio yakalala, mkia ukabana. Hapo ndipo makofi yalipolipuka, eti ametulia. Jamani! Mtu akitwikwa gunia la kilo 90 bila kuulizwa, naye husimama hivyo hivyo. Hasogei kwa kuwa akisogea ataanguka. Nimeandika humu mara ngapi sijui kwamba utulivu wa farasi husomwa mgongoni na mdomoni, wala si kwenye kwato. Poni aliyekubali hulamba midomo, hushusha shingo, hupumua kwa tumbo. Huyu alikuwa amezuia pumzi.

Kisha zikafuata dakika 12, na katika hizo mkufunzi alimtoa kwenye mwendo wa kawaida akamtia matiti. Matiti, siku ya kwanza! Mkikaa matiti bila kuinuka, kila hatua inamshukia mnyama kwa nguvu inayokaribia maradufu ya uzito wenu. Ongezeni na ule udongo wetu wa majivu ya volkano, ambao kiangazi huzama mpaka kwato zifunikwe, mjue mishipa ya miguu ilikuwa inafanya kazi gani huko chini.

Wanaonijua wanajua kwamba sitembei bila utepe mfukoni. Kabla ya onyesho niliomba ruhusa nikapima: mzunguko wa kifua nyuma ya kiwiko, sentimita 138, urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, 128. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Unapata kilo 205. Mfugaji yeyote wa ng'ombe anayepima kifua kabla ya kununua dawa ya minyoo anaielewa hesabu ya aina hii, lakini watu wa farasi, wenye viatu vinavyong'aa, wanakadiria kwa jicho. Mkufunzi mwenyewe aliniambia ana kilo 76. Tandiko lile la ngozi si chini ya kilo 7. Jumla 83, yaani asilimia 40 ya uzito wa poni.

Najua mtanijibu kwa asilimia 20. Kila mtu anaikariri siku hizi, na karibu wote husahau kuhesabu tandiko. Haya, tuichukue hiyo hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwabebesha farasi wanane mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30. Walipofika 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda na misuli ikaonyesha maumivu. Hao walikuwa farasi waliokomaa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kipimo cha askari mzima ndicho kipimo cha mtoto aliyeanza kwata jana. Kwa poni wa kilo 205, asilimia 20 ni kilo 41, tandiko likiwa ndani. Kwa mnyama wa miaka mitatu mimi hata hiyo naiona ni dari, tena ya kuguswa kwa dakika tano na kuachwa.

Nilipomfuata mkufunzi baadaye, alinijibu kwa heshima, nami namheshimu. "Mzee, huyu ana mfupa mzuri. Tena poni hukomaa mapema." Hapo ndipo ugomvi wangu wa zamani unapofufuka. Mfupa wa mguu unaoupima kwa vidole chini ya goti haubebi tandiko. Tandiko linakaa juu ya uti wa mgongo, na pingili za uti ndizo za mwisho kufunga ukuaji wake, baada ya miaka mitano hivi. Ufupi wa mnyama hauharakishi jambo hilo. Poni mdogo ni mdogo tu; hawi amemaliza kukua kwa sababu tu ameishia chini.

Wengine watanitajia poni wa Kisomali, waliobeba wanaume wazima kwenye mbio za mwanzo za nchi hii na kwenye polo. Ni kweli walibeba. Walikuwa wamekomaa. Wengine watavuka bahari hadi Aislandi, ambako watu wazima hupanda farasi wafupi bila aibu. Farasi wa kule ana kilo 330 na zaidi, na kwa kawaida huanzishwa akiwa na miaka minne. Mnafananisha lori na pikipiki kwa sababu zote zina taa.

Sasa, hoja moja ya mkufunzi ina uzito, nami siikwepi: aliogopa msichana asirushwe. Ni sawa. Poni mdogo ana balaa hiyo tangu zamani. Mwenye ujuzi ni mzito, mwepesi hana ujuzi. Hata mpanda farasi wa mbio wa kilo 50, ukimwekea tandiko jepesi la kilo 3, anafika asilimia 26 kwa mnyama huyu. Lakini tatizo hilo hutatuliwa miezi mitatu kabla, kwa miguu ya mkufunzi mwenyewe. Mzee aliyenifundisha, saisi wa Njoro asiyejua kusoma, alikuwa akimfunga poni hatamu mbili ndefu na kumfuata kwa nyuma barabarani mpaka sokoni na kurudi, wiki baada ya wiki, matatu zikipiga honi, mahema ya nailoni yakipepea. Poni alijua kushoto, kulia, simama na nenda kabla hajabebeshwa chochote. Siku ya kupandwa, mtoto mwepesi alilala kifudifudi mgongoni, akashuka, akalala, akashuka, keshoye akakaa. Mzee ameshika kamba, farasi mzee ametangulia mbele. Hakuna aliyekuja kutazama, maana hapakuwa na cha kutazama.

Na Njoro hii hii ina historia ya jambo hilo. Clutterbuck alipofuga farasi wa mbio huko mwanzoni mwa karne iliyopita, binti yake Beryl aliwapanda tangu utotoni, naye aliyekuja kuitwa arap Ruta akakua pamoja naye kisha akawa mkono wake wa kulia zizini. Beryl Markham, kama tulivyomjua baadaye, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado kijana kabisa. Ushindi wake ninaoupenda ni wa St Leger ya 1926, kwa Wise Child, jike aliyemfikia akiwa na mishipa ya miguu iliyoharibiwa na kazi ya kupita kiasi. Alimjenga upya kwa subira, akihesabu kila zoezi. Leo tuna video, tuna saa zinazopima mapigo ya moyo, na bado tunapanda watoto.

Kilichonikera zaidi nilikiona nikirudi mjini. Kando ya barabara alipita kijana na punda mwenye mitungi minne ya lita 20 mgongoni. Hiyo ni kilo 80 za maji. Watu wawili waliotoka uwanjani pamoja nami wakapunguza mwendo wa gari, wakafungua dirisha na kumkemea. Mmoja akamtishia kwa Sura ya 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ambayo kweli inataja kumbebesha mnyama kupita kiasi. Inataja pia kumpanda kupita kiasi, neno hilo likiwa mstari uleule. Kijana akaomba radhi. Mkufunzi wetu pamoja na tandiko lake alikuwa na kilo 3 zaidi ya maji yale, na mitungi haikai matiti.

Kabla sijaondoka nilipita zizini. Msichana alikuwa amemvua poni tandiko na anaandaa maji. Mgongo wote ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa vipande viwili vikavu nyuma ya mabega, pale tandiko lilipokandamiza ngozi mpaka jasho likakosa njia. Cha kulia kilikuwa kama kiganja changu. Cha kushoto, upande alikopandia, kilikuwa kama viganja viwili. Nilipokigusa, poni alizama chini ya mkono wangu, naye msichana akauliza kama ni mimi nimemwumiza.