Sayari Kwintilioni 18 na Kima Mmoja wa Rungwe: Je, Ninunue No Man's Sky?

Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Hapa Tukuyu, msimu kama huu, kusubiri maana yake ni kukaa ndani, kwa sababu mvua yetu haijui kupumzika. Ana PS4 ya mtumba, na tangu tuuze parachichi wimbo wake ni mmoja: "Dada, si uninunulie tu No Man's Sky?" Bei yake kamili ni dola 60, yaani kama shilingi laki moja na nusu hivi. Kwangu hiyo ni hela ya vitabu vya miezi mingi. Nikamwambia nitalisoma kwanza hilo gemu kama ninavyosoma riwaya, halafu nitamjibu. Akacheka. "Dada, gemu halisomwi, linachezwa."

Basi nikapanda gari hadi Mbeya kwa rafiki yangu aliye nalo, nikacheza wikendi mbili. Nimerudi na jibu, na jibu lenyewe limenifikirisha kuliko nilivyotarajia.

Kwa msiolijua: limetengenezwa na Hello Games, kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, na lilitoka Agosti 2016. Unaamka kwenye sayari ngeni, chombo chako cha angani kimeharibika. Unachimba madini, unakitengeneza, unaruka. Kuanzia hapo hakuna wa kukuamrisha. Kuna hadithi ya kufuata ukipenda, lakini ukitaka kujenga nyumba, kufanya biashara au kuzurura tu, ni juu yako. Sayari ni zaidi ya kwintilioni 18: andika 18, kisha weka sifuri 18 mbele yake. Hakuna binadamu aliyezichora moja moja. Kanuni ya hesabu ndiyo inayozizalisha, na ukirudi kesho unaikuta sayari ileile, na milima yake ileile.

Msomaji wa mashairi hapo atakunja uso kidogo. Ukiipa mashine kamusi, vina na mizani, itakutolea beti mpaka uchoke, na zote zitaimbika. Ila baada ya beti ishirini utauliza: huyu mtunzi ana neno gani la kuniambia? Mimi nilifika hapo kwenye sayari ya kumi na mbili hivi. Nyasi za zambarau, nyasi nyekundu, mnyama wa miguu sita, mvua ya sumu. Macho yanafurahi, moyo unapiga miayo.

Wanunuzi wa mwanzo walilalamika zaidi ya hapo. Walikuwa wameaminishwa kwamba wangeweza kukutana angani. Siku za kwanza tu watu wawili walifunga safari hadi sehemu moja ya sayari moja, wakasimama palepale, na hawakuonana. Kama kuna mwandishi wa hadithi fupi anayetafuta kisa, hicho hapo. Haki isemwe, waliolitengeneza hawakukimbia. Wameendelea kuliongezea mambo bila kudai hela nyingine, na Julai 2018 wachezaji wakaanza kuonana na kucheza pamoja kweli. Anayelinunua leo ananunua kitu kingine kabisa.

Lakini kilichonikwaza mimi ni majina. Ukitua kwenye sayari ambayo hakuna mchezaji aliyeifikia, gemu linakuandika wewe kuwa mgunduzi na kukuruhusu kuipa jina. Mnyama vilevile, mmea vilevile. Nikaipa sayari moja jina la bibi yangu, nikajisikia vizuri sana. Kisha nikapanda kilima na kukuta jengo. Ndani yake kulikuwa na Gek, kiumbe mfupi mwenye mdomo kama wa ndege, anafanya biashara yake. Ana kituo, ana wateja, ana lugha. Sasa mimi nimegundua nini?

Huenda asiyetoka kwetu asingejali. Sisi mji wetu Wajerumani waliuita Neu Langenburg, jina walilolibeba kutoka kituo chao cha zamani kando ya Ziwa Nyasa. Walilolikuta hapa lilikuwa na wenyewe na majina yake. Jina lao likaondoka pamoja nao, Tukuyu ikabaki. Ndiyo maana kile kitufe cha kutoa jina nilikibonyeza kwa furaha mara ya kwanza, na mara ya pili mkono ukasita.

Na Rungwe hiyohiyo ina mfano wa namna nyingine. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye Mlima Rungwe walimwona kima ambaye sayansi haikuwa imemsajili. Kilichowafikisha kwake ni masimulizi ya wawindaji wa huku, waliokuwa wakimtaja mnyama mwenye haya aitwaye kipunji. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka uliofuata akawekwa kwenye jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Jina la mwisho la kitaalamu likabaki kipunji. Yaani waliuliza kwanza, na walichojibiwa wakakiandika.

Cha ajabu, gemu lenyewe lina njia hiyo ya kuuliza, ila limeificha chini ya ile ya kutoa majina. Viumbe wake wenye akili wana lugha zao, na mwanzoni huambulii kitu. Unajifunza neno mojamoja: kwenye mawe ya kale, kwenye mabaki ya majengo, au kwa kumwomba mwenyeji akufundishe. Akiongea tena, lile neno moja linang'aa katikati ya sentensi ya giza, na unabahatisha mengine. Saa nzuri kuliko zote nilizotumia humo ni hizo. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa msingi aliyekuja kutoka pwani, alivyoanza na "ugonile" na "ndaga" tu pale sokoni, akina mama wakimcheka na kumwongezea ndizi.

Kwa hiyo jibu langu, kwa mdogo wangu na kwenu. Kwa bei kamili, hapana. Hushuka hadi nusu bei mara kwa mara, subirini hapo, na muweke kando hela ya bando kwa sababu ni zito kulishusha. Anayetaka hadithi yenye mwanzo na mwisho wa kumliza, abaki na riwaya zake. Mwenye subira ya kuwa mgeni, anunue.

Mdogo wangu nitamnunulia likishuka. Matokeo yakiwa mazuri, kidato cha tano anaweza kupangiwa mkoa ambao hajawahi kuukanyaga, kwa watu wasiojua Kinyakyusa hata neno. Nimempa sharti moja: awe na daftari, aandike kila neno atakalofundishwa na hao viumbe, kabla hajaipa sayari yoyote jina.

"Na nisipojua waliiitaje wenyewe?" akaniuliza.

Nikamwambia aiache bila jina, aendelee kuuliza. Hajaafiki bado.