Cessna ya Kompyuta Juu ya Gatete

Mchezo wa kurusha ndege wa Microsoft Flight Simulator 2024 ulipotoka tarehe 19 Novemba 2024, watu waliuvamia kwa wingi hata seva zikaelemewa, na wakuu wake wakatoa video ya kuomba radhi. Hayo yamesemwa vya kutosha. Kilichonishika mimi ni hewa.

Chukua Cessna 172, uondoke Bujumbura ukielekea kusini hadi Gatete, ziwa la Tanganyika kuliani, milima kushoto. Lakini kwanza mchezo unakutaka uizunguke ndege kwa miguu, uondoe vizuizi vya matairi, ukague mabawa. Wenye haraka watanung'unika. Mimi nimependa, maana rubani wa kweli hapandi ndege asiyoikagua.

Uwanja wa Bujumbura uko mita 787 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kama ya mita 1,500 hivi, na mafundi wa Asobo, kampuni ya Bordeaux iliyoutengeneza mchezo, hawakulipuuza hilo. Ukisukuma hadi mwisho kishikio chekundu cha mafuta, kama ambavyo ungefanya Dar es Salaam, injini inazidiwa na petroli na nguvu zinapungua. Kivute nyuma kidogo kidogo, ukisikiliza. Mngurumo unabadilika, mshale wa mizunguko unapanda, na hapo ndipo Cessna inapokubali kwenda. Hakuna maandishi yanayokupongeza.

Ukipita Magara njiani, jibanze milimani: upepo unaoporomoka kwenye miteremko unakurusharusha. Rudi juu ya maji, unatulia.

Gatete yenyewe, nikiri, imekisiwa. Kompyuta imesoma picha za angani ikapandisha nyumba zinazoweza kuwa za popote, na michikichi ya eneo hilo la Rumonge imegeuka miti tu. Usiku taa za wavuvi wa ndagala hazimo kabisa, na ziwa la Tanganyika bila taa hizo si ziwa ninalolijua. Ila ufuo umekaa palepale pake, kila kijighuba, na milima inainuka inapopaswa kuinuka.

Tena kuna jambo la kimo. Shuka polepole mbele ya Gatete mpaka matairi yakaribie mawimbi, kisha tazama kipimo: futi 2,500 na ushei, maana ziwa lenyewe liko mita 773 juu ya bahari. Mgeni anayeongozwa na mshale wa kipimo hicho akidhani bado yuko juu ataoga mara moja, na safari ya pili atakuwa anachungulia nje ya dirisha.