Kipeuo cha Pili na Neno "Karibu"

Mtu akijenga nyumba hapa Chumbageni, fundi wake hachimbi msingi mpaka apate pembe mraba. Hufunga kamba penye kigingi, akapima futi 3 upande huu na futi 4 upande wa pili, kisha hukatiza kamba baina ya ncha hizo mbili. Ikiwa ni futi 5 barabara, pembe ni sawa. Ikipungua au kuzidi, husogeza vigingi. Fundi huyo pengine hakupata kusoma aljebra, walakini kanuni yake ni ya kweli: mraba wa 3 ni 9, mraba wa 4 ni 16, jumla ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5.

Sasa mpe mwanafunzi karatasi, atafute kipeuo cha pili cha 9 jumlisha 16. Wengi huandika 7, maana huchukua kipeuo cha kila namba peke yake, wakajumlisha 3 na 4. Lakini kamba ya kukatiza ikifika futi 7, zile pande mbili zimenyoka zikawa mstari mmoja. Hakuna pembe tena, wala nyumba. Twauliza, kosa ni la nani? Twaona sehemu kubwa ni yetu sisi waalimu, kwa kuwa twampa mtoto alama kabla ya kumwonyesha kamba.

Lugha yetu yenyewe yatusaidia, nasi hatuitumii. Kipeo cha pili cha 5 ni 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Sauti u iliyoingia katikati yafanana na ile ya funga na fungua, ziba na zibua. Mtoto akiambiwa kwamba kipeuo hufungua kilichofungwa na kipeo, hasahau. Asipoambiwa, huyachanganya maneno hayo mawili; na akifika sekondari, ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza, hukutana na jambo lile lile kwa jina geni, akadhani ni elimu mpya.

La pili tunalolaumu ni kubwa zaidi. Kitabu cha Kutoka, mlango wa 27, chatuambia kwamba madhabahu ilikuwa mraba, dhiraa 5 kwa dhiraa 5. Je, toka pembe hata pembe ya kukabili ni dhiraa ngapi? 25 na 25 ni 50, basi twatafuta kipeuo cha pili cha 50. 7 mara 7 ni 49, imepungua. 7.1 mara 7.1 ni 50.41, imezidi. 7.07 mara 7.07 ni 49.9849, imepungua tena. Twaweza kwenda hivi siku zote tusifike mwisho. Lakini waalimu wengi huandika 7.07, wakapiga mstari chini, wakafuta ubao. Hawakusema "karibu".

Namba za kuhesabia mbuzi huitwa namba asilia. Tukiongeza sifuri na namba hasi, kama za deni, twapata namba kamili. Tukiongeza nusu, robo na sehemu zote, twapata namba wiani. Kipeuo cha 50 hakimo humo, kwa kuwa ni 5 mara kipeuo cha 2, na kipeuo cha 2 hakiandikiki kama sehemu. Tuseme kinaandikika, na sehemu hiyo imekwisha rahisishwa. Basi mraba wa namba ya juu ni mara 2 ya mraba wa namba ya chini. Kwa hiyo ya juu ni shufwa. Lakini mraba wa namba shufwa hugawanyika kwa 4. Kwa hiyo ya chini nayo ni shufwa. Zote mbili basi zagawanyika kwa 2, nasi tulisema zimekwisha rahisishwa! Neno limejipinga lenyewe. Hiyo ndiyo namba isiyowiana. Nayo ni namba halisi kama zile nyingine, maana madhabahu ilikuwa na pembe zake, na toka pembe hata pembe palikuwa na urefu wa kweli.

Hivyo hivyo twawakaririsha watoto kwamba pai ni 22/7, na baada ya miaka michache mwalimu mwingine huwaambia kwamba pai haiandikiki kama sehemu, jambo alilolithibitisha Johann Lambert katika miaka ya 1760. Mtoto mwenye akili amwamini nani? Na si hesabu peke yake inayodhurika. Katika 1 Wafalme, mlango wa 7, bahari ya kusubu ilikuwa dhiraa 10 toka ukingo hata ukingo, na mzingo wake dhiraa 30. Wenye kudhihaki husema Maandiko yamekosa, kwa kuwa mzingo ungepita dhiraa 31. Aliyefundishwa kwamba kipimo huweza kutajwa kwa namba nzima iliyo karibu hatikisiki kwa maneno hayo.

Hatusemi 7.07 itupwe, wala 22/7. Fundi hawezi kungoja hesabu isiyo na mwisho. Twawasihi waalimu wenzetu waseme "karibu" kila inapopasa, na wazazi wawaulize watoto wao jioni: jibu hili ni barabara, au ni karibu? Mtoto awezaye kujibu hilo amekwisha kuanza kuijua aljebra.