Athari, Mvuto na Ushawishi

Neno litumiwalo kila siku hufanana na sarafu iliyopita katika mikono mingi. Hupokelewa bila kutazamwa, na hutolewa bila kuhesabiwa. Neno "athari" limefikia hali hiyo katika uandishi wa Kiswahili. Mwanafunzi akutanapo na neno la Kiingereza "influence" huandika athari. Mhakiki apendapo kueleza namna mtunzi mmoja alivyojifunza kwa mwingine huandika athari. Mwandishi wa gazeti ashindwapo kusema nani ametenda na nani ametendwa, naye huandika athari. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na aghalabu mzigo uangukao njiani ni ukweli.

Neno la Kiingereza lenyewe lina historia yake. Asili yake ni tendo la Kilatini lenye maana ya kutiririka na kuingia ndani. Wanajimu wa Ulaya wa karne za kati walilitumia kwa nguvu waliyodhani hushuka kutoka kwenye nyota na kuingia katika maisha ya wanadamu, ikaamua bahati na maradhi yao. Baadaye nyota zilisahauliwa, lakini kutiririka kulibaki: nguvu isiyoonekana hutoka juu, na aliye chini huipokea. Imani ya namna hii si ngeni Dar es Salaam. Katika maduka ya Kariakoo, mfanyabiashara apataye wateja wengi kuliko jirani zake, ingawa bidhaa ni zile zile na bei ni ile ile, husemwa kuwa ana nyota. Mzungu wa zamani na mchuuzi wa Mtaa wa Kongo walitazama mbingu moja. Tofauti ni kwamba Kiswahili kiliiacha nyota katika nafasi yake, kikatafuta maneno mengine kwa mambo mengine.

Maneno hayo ni matatu, na kila moja lina tabia yake. La kwanza ni mvuto. Mvuto ni nguvu ya kitu kilichosimama mahali pake, nacho huwafanya watu wakisogelee. Kitambaa kilichotundikwa mlangoni mwa duka kina mvuto. Hakisemi neno, wala hakimshiki mtu mkono. La pili ni ushawishi. Ushawishi hauna budi kuwa na msemaji na msikilizaji. Mwenye duka atokaye nje, akamwita mpita njia ndugu yake, akamsifia kitambaa na kumpunguzia bei, huyo hushawishi. Neno hili lina kivuli cha hatari, maana Wakatoliki katika sala yao kuu huomba wasitiwe katika kishawishi. La tatu ni athari. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni alama iliyobaki baada ya kitu kupita, kama unyayo juu ya mchanga. Mvuto hutangulia tendo, ushawishi huandamana nalo, athari hulifuata.

Sarufi yathibitisha jambo hili. Aliyevutiwa amesogea kwa miguu yake mwenyewe. Aliyeshawishika amesikiliza, amepima, na mwisho ameridhia. Kuridhia huko kumo ndani ya neno. Lakini aliyeathirika hakufanya lolote. Jambo limempata. Zaidi ya hayo, kauli hii ya kuathirika haimdai mtenda ajitokeze. Sentensi isemayo kuwa wananchi wameathirika hukamilika bila ya kumtaja aliyewatenda. Kwa sababu hii neno hili hupendwa sana na taarifa ambazo hazitaki kumshitaki mtu.

Si kosa kulitumia neno hili mahali linapostahili. Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Wachuuzi waliopoteza mali zao usiku ule waliathirika. Hawakuvutwa na moto, wala hawakushawishiwa nao, na hakuna lugha ya haki iwezayo kuwagawia sehemu ya tendo lile. Hapa athari ni neno la kweli.

Jina la Kariakoo ni athari vile vile, na ni athari ya kovu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa "Carrier Corps". Wanaume wa Afrika Mashariki walibebeshwa risasi na chakula cha majeshi, wengi wao bila ya hiari, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kambi ya wapagazi hao ilipowekwa Dar es Salaam, mahali pale palichukua jina lao. Kati ya jiji kuna sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya vita hivyo. Aliyewekwa juu ya nguzo ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hakupewa nafasi hiyo. Ukumbusho wake mkubwa ni jina la mtaa, ambalo maelfu ya watu hulitaja kila siku wakienda kununua viatu na vitunguu, bila ya kujua kuwa wanawataja marehemu.

Walakini jina hilo hilo lina ushahidi wa pili, na mhakiki hana ruhusa ya kuuficha. Maneno mawili ya kijeshi yaliingia katika kinywa cha Mswahili, naye hakuyaacha kama alivyoyakuta. Aliyaunganisha yakawa moja. Aliipa kila silabi irabu yake. Alilitwaa jina la kikosi cha watu, akalifanya kuwa jina la mahali. Jeshi liliondoka, nalo jina likageuka kuwa la biashara, ndoa, misiba, mpira na siasa. Neno "soko" lina habari kama hiyo. Shina lake ni Kiarabu, lakini asemaye "sokoni" ameliongezea kiambishi cha Kibantu, na asemaye "masoko" amelihesabu kwa ngeli za Kibantu. Aliyeleta neno alikuwa na sehemu yake, na aliyelipokea alikuwa na sehemu kubwa zaidi. Kusema kuwa Kiswahili kimeathirika, kisha kunyamaza, ni kueleza nusu ya habari na kuiita habari kamili.

Tofauti hii kati ya kupokea na kupatwa yaonekana wazi katika tamthilia. Julius Nyerere aliitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari; nalo jina la Mrumi likapata irabu zake, kama Kariakoo ilivyopata zake. Kiini cha mchezo ule ni ushawishi. Brutus asema na umati, nao waridhika kuwa mauaji yalikuwa ya haki. Antony asema na umati ule ule, nao wageuka. Muda mfupi baadaye watu hao wamshika mshairi Cinna, ambaye hakushiriki katika njama, wamwangamiza kwa sababu tu ya jina lake kufanana na la mmoja wa wauaji. Msomaji asemaye kuwa umati ule uliathiriwa na Antony huwaosha damu mikononi. Msomaji asemaye kuwa ulishawishiwa huwaachia wote wawili, msemaji na wasikilizaji, fungu la hatia. Mchezo wote wasimama juu ya tofauti hiyo, na neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kuuangusha.

Yaliyo kweli kwa hatia ni kweli kwa sifa pia. Chama cha TANU kiliasisiwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya New Street, mtaa ambao sasa ni Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alishika uongozi wa wanawake wa chama hicho, na kwa muda mfupi maelfu ya wanawake wa mji walichukua kadi. Kwa miaka mingi wanahistoria walieleza jambo hili kwa mfano wa maji yashukayo mlimani: viongozi wachache waliosoma walikuwa na fikra ya uhuru, fikra ikateremka, na wananchi wakaathiriwa nayo. Susan Geiger, katika kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kilichotolewa mwaka 1997, aliupinga mfano huo kwa kuwasikiliza wanawake wenyewe. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma liitwalo Bomba kabla ya kuwa mwanasiasa. Vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi wao, michango yao na desturi zao za kualikana, na ndani yake walikaa watu wa makabila mengi waliounganishwa na lugha moja. TANU ilipokuja, haikukuta chombo kitupu cha kujazwa. Ilikuta umoja ambao tayari uliishi, nao ulikipa chama sauti, watu na fedha. Ni nani basi aliyemwathiri mwenzake? Swali hilo halina jibu, kwa kuwa limeulizwa kwa neno lisilofaa. Wanawake wale walishawishiwa, nao wakashawishi.

Katika uhakiki wa ushairi kosa hili limeleta madhara ya muda mrefu. Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, alitoa mwaka 1954 kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambamo vina na mizani viliwekewa kanuni. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi mengi yasiyofuata kanuni hizo. Mabishano yakazuka, na silaha iliyotumiwa dhidi ya washairi wapya ilikuwa ni neno hili: wameathiriwa na Kiingereza. Neno lilidhaniwa kuwa ni uchunguzi, kumbe ni hukumu. Lilisema mahali kitu kilikotoka, likadhani limekwisha sema thamani ya kitu chenyewe.

Silaha hiyo ina makali pande mbili. Wako wataalamu wa kigeni walioutazama ushairi wa pwani, wenye vina na mizani, wakauona kuwa ni athari ya Waarabu. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alisimama kuwajibu na kuutetea ushairi huo kuwa ni mali ya Waswahili. Kwa upande wao, watetezi wa mashairi yasiyo na vina walikumbusha kuwa nyimbo nyingi za jadi za Afrika hazijui vina. Ikiwa athari ni aibu, basi mwenye vina ana aibu ya Mashariki na asiye na vina ana aibu ya Magharibi, na hapana Mswahili hata mmoja atakayesalimika. Ushairi mzima wa lugha hii utakuwa mwathirika, nao watunzi wake watakuwa makarani wa kunakili kazi za wengine. Hoja imfikishayo mtu mahali pa upuuzi namna hii haina budi kuchunguzwa kutoka mwanzo wake.

Hapana shaka kuwa liko jibu la upande wa pili. Lugha hukua, na neno halilazimiki kukaa daima katika maana yake ya asili. Mganga huzungumza juu ya athari za dawa, mwanauchumi juu ya athari za kodi, nao hueleweka. Hilo ni kweli, na wala halipingwi hapa. Lakini dawa na kodi si watu. Neno litokapo kwenye vitu likaja kwa wanadamu, latakiwa kupimwa upya. Tanzania ilijifunza jambo hili kwa uchungu wakati wa UKIMWI. Walioishi na virusi waliitwa waathirika, na jina hilo likawafunga katika jambo moja lililowapata, kana kwamba hawakuwa tena wazazi, mafundi au walimu. Wengi walilikataa, na badala yake likaenea jina la watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Jina hilo ni refu, na watu wa haraka hulilalamikia. Lakini ndani yake mna kitenzi cha kuishi, na anayeishi ni mtenda.

Kazi ya mhakiki ni ile ile. Akutapo kitu kilichotoka kwa mtunzi mmoja kikaonekana kwa mwingine, asitosheke na kuonyesha unyayo. Yampasa aulize maswali matatu: ni kitu gani kilichovuta, ni nani aliyeshawishi, na kwa hoja gani, na ni alama gani iliyobaki, ya jeraha au ya mafunzo? Kisha aulize swali la nne lenye uzito kuliko yote: aliyepokea alikifanyia nini alichokipokea? Wapagazi wa Kariakoo hawakuulizwa kama wanataka kubeba mizigo ile, na hapo neno athari ni shahidi wa haki ambaye hafai kunyamazishwa. Lakini waliobaki waliijenga Kariakoo, na neno hilo peke yake haliwezi kuisimulia kazi yao.