Sungura Asiye na Sura

Msomaji, mikoba ya watoto wa shule ni maktaba ya picha kwa mtu ajuaye kutazama. Asubuhi, watoto wa Ifo wapitapo katika njia za mchanga mwekundu kwenda shuleni, utaona migongoni mwa baadhi yao panya mwenye masikio mawili ya mviringo, na migongoni mwa wengine mnyama wa manjano mwenye mkia wa umeme. Ifo ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1991 karibu na mji wa Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia, na watoto wengi wa leo wamezaliwa papo hapo. Panya yule kwao ni Marekani, na yule wa manjano kwao ni Japani. Bibi zao hawakusimulia habari za wanyama hawa. Walisimulia habari za Waraabe, yaani fisi, na za Dawaco, yaani mbweha. Na bibi wa Waswahili, huko pwani, walisimulia habari za Sungura. Mbona basi panya amepata mkoba na Sungura hakupata?

Jibu la haraka ni fedha, na sikatai kwamba fedha ina sehemu yake. Kampuni yenye filamu, vitabu, nguo na vichezeo vya aina moja humtangaza mnyama wake katika kila pembe ya dunia. Lakini wako wanyama wengi waliotangazwa kwa fedha nyingi wakafa mapema. Fedha humpeleka mnyama sokoni. Haiwezi kumlazimisha mtoto amchore bila ya kuambiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni Zakumi. Huyu alikuwa chui mwenye nywele za kijani, nembo ya mashindano ya Kombe la Dunia yaliyofanyika Afrika ya Kusini mwaka 2010. Jina lake liliungwa kwa herufi ZA, alama ya nchi ile, na neno kumi, ambalo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa. Basi alikuwa na jina jema, rangi zenye kupendeza, na dunia nzima ikimtazama. Leo yuko wapi? Sioni kosa kubwa katika mchoro wake. Kosa ni kwamba hakuwa na haja yo yote. Alicheka, akapiga mpira, akacheka tena. Hakutamani kitu, hakuogopa kitu, wala hakukosana na mtu. Tena, tangu simba Willie wa Uingereza, aliyekuwa nembo ya kwanza ya mashindano hayo mwaka 1966, desturi imekuwa kumwacha mnyama wa zamani na kuleta mwingine mpya. Hata kama Zakumi angalikuwa na tabia, asingalipewa umri wa kuionyesha.

Sasa mlinganishe na yule wa manjano wa Japani, aitwaye Pikachu. Katika mchezo wa mwaka 1996 alimotokea mara ya kwanza, alikuwa mmoja tu kati ya viumbe 151, na mtu asingaliweza kubashiri kwamba huyu ndiye atakayewapita wenziwe wote. Kilichompandisha ni ukaidi. Hadithi yake ilipoanza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1997, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kukataa: alikataa kumtii kijana aliyekabidhiwa kwake, akakataa pia kuingia katika mpira ambamo viumbe wengine wote hufungiwa. Mtoto akimwona mnyama mdogo anayekataa kufungiwa, hamsahau. Watengenezaji wengi wa nembo hudhani kwamba mnyama apendwaye hapana budi awe mwema kupita kiasi, nao humsafisha mpaka hana ladha. Mimi naona kinyume chake: mnyama apendwaye huwa na ila moja, nayo hujulikana tangu siku ya kwanza.

Lakini tabia peke yake haitoshi; lazima ionekane kwa jicho kabla haijaelezwa kwa mdomo. Hapa nitakupa kipimo ambacho hakina gharama. Mpe mtoto kijiti, mwambie amchore mnyama wake mchangani. Akimmaliza kwa mistari michache, na mpita njia akamtambua, mnyama huyo ana sura. Panya wa Marekani, Mickey Mouse, hushinda kipimo hiki kwa maduara matatu tu, moja kubwa na mawili madogo. Alipochorwa mwaka 1928, maduara yalipendwa kwa sababu ya kazi yenyewe: filamu ya dakika chache ilitaka maelfu ya michoro, na duara hurudiwa upesi. Masikio yake hubaki mviringo kichwa kielekeapo po pote, jambo lisilowezekana kwa panya wa kweli. Lakini uongo huo mdogo ndio uliomfanya atambulikane hata akiwa kivuli.

Kwa kipimo hicho hicho, nasema kwa heshima kwamba mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulitupa picha nzuri sana bila ya kutupa nembo. Ulichukua mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, ukawapamba wanyama kwa madoa, nukta na mistari ya rangi kali. Kuwatazama ni furaha. Lakini kila hadithi ina shujaa wake, leo tembo na kesho kobe, na uzuri wao umo katika mapambo yajazayo ngozi, si katika umbo. Kijiti hakichori mapambo hayo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilifanya kwa akili zaidi, na neno hili silitumii kwa mzaha: lilimweka katikati mtoto aitwaye Akili, mwenye umri wa miaka 4, ambaye akilala huingia katika nchi ya ndoto na kucheza na wanyama. Mistari yake ni michache, haja yake ni moja, kutaka kujua, na jina lake ni neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili amekwisha lisikia. Lakini Akili ni binadamu, na wanyama ni rafiki zake tu.

Turudi kwa Sungura. Kwa tabia hana wa kumpita. Ni mdogo, ni dhaifu, ni mwongo, na humshinda simba. Kisha kiburi chake humfanya ashindwe na kobe. Ila anayo, tena ya kutosha. Kinachokosekana ni sura. Fungua vitabu vitano vya shule utawaona sungura watano: mmoja amevaa kaptura, mwingine anatembea kwa miguu minne, wa tatu ni mweupe kama wale wafugwao Ulaya, ingawa sungura wa pori letu ana rangi ya udongo na majani makavu. Kila mchoraji huanza upya, na mtoto hapati nafasi ya kumzoea hata mmoja. Sababu yake si uvivu. Msimulizi wa zamani alimchora Sungura kwa sauti. Alimpa sauti nyembamba na ya haraka, akampa fisi sauti ya puani, na sura ikajengeka kichwani mwa kila msikilizaji. Wako wasemao kwamba ni vema ibaki hivyo, kila mtu na Sungura wake. Maneno hayo ni matamu, nami ningeyakubali kama jioni za kusimuliana zingalibaki kama zilivyokuwa.

Lakini fikiri juu ya Ifo. Humo wamo Wasomali, na wamo pia watu waliotoka Ethiopia, Sudani ya Kusini na kwingineko. Sungura hupita kwa Kiswahili, na Waraabe hupita kwa Kisomali. Panya hupita bila ya lugha. Watoto wawili wasioelewana kwa maneno huelewana mara moja juu ya mkoba. Mnyama asiye na sura hubaki nyumbani kwa bibi yake.

Kwamba msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuitunza sura moja kwa miaka mingi si jambo la kubahatisha. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika magazeti ya Kiswahili, Taifa Leo likiwa mojawapo, na wasomaji walimjua kama wamjuavyo jirani. Juha ni mtu, si mnyama, ijapokuwa kalulu ni jina la sungura katika lugha ya Kichewa. Mkono ulikuwa mmoja, na sura ikawa moja.

Ukiniuliza ni mnyama gani wa upande huu afaaye kupewa mkoba, wengi watakutajia hirola, paa adimu wa Garissa, ambaye duniani wanakadiriwa kubaki chini ya 500. Ana mstari mweupe uunganishao macho mawili mithili ya miwani, na kijiti chaweza kumchora. Lakini naogopa atakuwa Zakumi wa pili: uso mzuri, maneno ya kuombea hifadhi, basi.

Mimi namchagua Waraabe. Wasomali husimulia kwamba simba, fisi, mbweha na wenzao walipata nyama, na simba akamwamuru fisi aigawe. Fisi akasema: nusu ni yako, na nusu ni yetu sisi wengine. Simba akampiga, jicho likatoka. Kisha akamwamuru mbweha agawe, na mbweha akampa simba karibu nyama yote. Alipoulizwa ni nani aliyemfundisha kugawa vizuri namna ile, akajibu kwamba ni jicho la Waraabe. Tazama, msomaji, jinsi umbo na tabia zilivyokutana hapa mahali pamoja. Mabega ya juu, mgongo ushukao kuelekea nyuma, nukta moja ya jicho na mkwaju mmoja wa jicho lililofumba: mistari minne mchangani, na hadithi nzima imo. Wasimulizi humcheka fisi kwa ujinga wake, nami nacheka pamoja nao. Lakini sioni kwamba alikosea katika hesabu. Aligawa kwa uadilifu mbele ya mwenye nguvu. Mtoto atamcheka mara ya kwanza, na mara ya tatu ataanza kumtetea, na hapo ndipo mnyama huwa wake.

Utasema fisi ni adui wa mfugaji, na hakuna mama atakayenunua mkoba wenye fisi. Lakini je, panya ni rafiki wa mama gani jikoni?

Liko jambo moja zaidi, ambalo vitabu vya sanaa hulipita upesi, nalo ni la miliki. Fisi wa hadithi ni wa watu wote. Mchoro wa fisi ni mali nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya mchoraji, ingawa haki hiyo yaweza kuhamia kwa mwingine kwa mkataba. Basi kijana wa Ifo atakayempatia Waraabe jicho lake lililofumba naasome kwanza karatasi atakayopewa kutia sahihi. Walt Disney alikuwa na sungura kabla ya kuwa na panya. Jina lake lilikuwa Oswald, alitokea katika filamu mwaka 1927, akapendwa. Mwaka 1928 Disney alikwenda New York kuomba malipo zaidi, akaambiwa kwamba kwa mkataba sungura ni mali ya kampuni ya Universal, na kwamba wengi wa wachoraji wake wamekwisha chukuliwa. Panya alichorwa ili kujaza pengo hilo. Sungura yule alirudi katika kampuni ya Disney mwezi wa Februari 2006, katika mabadilishano ambayo upande wa pili ulimpata mtangazaji mmoja wa michezo, na Walt Disney alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1966.