Mbachao na Msala Upitao

Vijana ninaoshirikiana nao kuitunza tovuti ya wahitimu wa chuo chetu cha ualimu wanataka nijifunze React. Kwa mtu wa miaka sabini na ushei, miezi sita si kitu cha kugawa ovyo. Basi nimeupima ushauri wao kama nilivyokuwa nikipima kitabu kipya cha kiada.

JavaScript ilizaliwa mwaka 1995, na hadi leo ndiyo lugha ya vivinjari vyote. AngularJS ya Google ilitoka mwaka 2010, ikasifiwa mno. Mwaka 2016 ikaja Angular iliyoandikwa upya kabisa, na Januari 2022 ile ya kwanza ikaachwa bila matunzo. Aliyejua AngularJS pekee alirudi darasa la kwanza. Aliyeijua JavaScript yenyewe alikuwa na pa kushika.

React, ya mwaka 2013, ina ubora wake: huugawa ukurasa katika vipande vinavyotumika tena na tena. Hiyo ni faida kwa kazi kubwa. Tovuti yetu ni kurasa chache za matangazo na majina.

Kwa hiyo mimi sitajifunza. Kijana atafutaye ajira na ajifunze, maana waajiri wanaiulizia. Ila aanze na lugha yenyewe. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.